Niliuziba Ufa, na Ukuta Nikaujenga

Aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta hakuwa fundi. Angekuwa fundi angetumalizia maneno: uzibwe kwa kitu gani, na nani, na kikorogwe vipi. Alituachia maneno manne akaenda zake, nasi tukayashika kwa imani. Mie ufa wangu niliuziba. Niliuziba mapema, kwa pesa yangu, mchana kweupe, mashahidi wapo. Na ukuta nimeujenga vilevile.

Nyumba yenyewe iko Kiponda, Mji Mkongwe, ndani ya kichochoro ambacho ukikutana na mtu wa baiskeli lazima mmoja wenu arudi nyuma. Aliyeijenga hatumjui, lakini kila mmoja katika ukoo anajua amerithi chumba kipi. Tuko warithi saba: wanne hapa Unguja, wawili Dar es Salaam, mmoja Muscat. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ulipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, tukapata mrithi wa nane, Dunia yenyewe. Huyu hupita chini ya dirisha kila siku na kamera, akasema nyumba nzuri, akaondoka. Kwa hilo simuoni tofauti yake na kaka yangu wa Muscat.

Kuta zetu si za tofali. Ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yameshikana kwa chokaa na mchanga, unene wake nusu mita na ushei. Nje kuna lipu. Lipu ikichoka unayaona mawe, na baina ya jiwe na jiwe ndipo kilipo kisa changu, kwa sababu chokaa ya pale huliwa. Upepo wa bahari unaila, mvua ya masika inaila, mtini uliopandwa na kunguru unaila kwa mizizi, na watoto wanaosubiri chuo kifunguliwe, kila mmoja na kijiti chake anachokonoa, wanaila kuliko wote hao.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib ikaanguka. Jumba la Sultan Barghash, lililosimama pale ufukweni tangu 1883. Watu wawili walifariki, na hapo sina mzaha. Wiki ile Mji Mkongwe mzima ulitembea macho juu. Tukawa tunagongana vichochoroni, kila mtu anakagua kuta za mwenzake. Mie nikautazama wangu. Ufa umeanzia juu ya dirisha la sebule, unateremka jiwe kwa jiwe kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka barazani. Nikatia kidole, kikaingia. Nikatia ufunguo wa nyumba, ukaingia, ukabaki humo humo. Ikabidi nimpigie kelele Shangazi ghorofani anifungulie.

Fundi nilimpata Jaws Corner, kwenye kahawa, ambako kila anayekunywa ni fundi mpaka utaje kazi. Alikuja na simu mbili na mwiko mmoja. Akaugonga ukuta mara tatu kama daktari anayegonga kifua, akasema, "Mzee wangu, chokaa mambo ya kizamani. Hapa tunapiga saruji. Utakufa wewe, ukuta utaubakisha." Mifuko miwili ya kilo 50, siku moja na nusu, nikapewa mistari ya kijivu baina ya mawe, migumu, ukiigonga inalia. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zikaja dole gumba sita. Kaka wa Muscat akaongeza na ua.

Masika ya kwanza hapakuwa na neno. Masika ya pili, asubuhi moja, mke wangu akakuta unga mweupe juu ya kochi.

"Nani amesukuma chapati hapa?"

Nikaapa si mimi. Akapangusa. Kesho yake unga upo, keshokutwa upo. Siku ya nne mjukuu wetu, ambaye yumo kwenye umri wa kuonja kila kitu, akaramba kidole, akatangaza matokeo: "Chumvi."

Kufika masika ya tatu haikuwa chumvi tena, yalikuwa mawe yenyewe. Yanakatika vigamba vigamba, yanamwagika barazani kama mkate mkavu. Saruji yangu imesimama vilevile, haijatikisika, haina hata mkwaruzo. Mistari yote ipo, kilichokosekana ni mawe katikati yake. Ukuta umekuwa sega la nyuki walikohama. Yule fundi alisema kweli kabisa, kile alichokiweka kitanizika. Nikampigia. Simu zote mbili hazipatikani.

Shangazi ndiye aliyesema tumwite mzee wa chokaa. Kwa umri alimzidi hata Shangazi, na hakuwa na simu hata moja. Alikuja na mkongojo, na mjukuu wake, na mwiko mwembamba uliolika mpaka umefanana na kisu cha samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufanyia haya?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kupeleka kesi polisi. Nikamwonyesha ukuta. Hakuugonga. Akauwekea kiganja, akakaa kimya muda mrefu hata nikadhani amesinzia, kisha akasema: "Ukuta huu unavuta maji toka chini kama utambi wa kandili. Zamani yakipanda, yanapumulia hapa kwenye chokaa, upepo unayachukua. Wewe umeyafungia mlango. Sasa yanatokea ndani ya jiwe, na yamekuja na chumvi yake. Maji yakikauka chumvi haina pa kwenda, inajaa, inalipasua jiwe."

Nikasema, lakini mzee, saruji si ni ngumu zaidi?

"Ndiyo kosa lake. Kilicho baina ya mawe kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe. Kife chenyewe, jiwe libaki. Chokaa ikifa utatia nyengine. Jiwe utalitoa wapi?"

Nilitamani mtu aniambie hayo kabla ya ile mifuko miwili. Barazani Jaws Corner, nilipoyarudia, kila mtu alisema hilo mbona linajulikana. Linajulikana! Miaka mitatu nakunywa kahawa nao, ukuta wangu wanaupita wakienda msikitini, hakuna aliyekohoa.

Basi tukaanza kwa kuitoa saruji. Mzee akapiga marufuku mashine, kwa kuwa zinatikisa mawe yaliyo salama. Tindo na nyundo, polepole. Mzee alikaa barazani kama kadhi. Waliopiga tindo ni mjukuu wake na mie, mwenye nyumba, mstaafu, mwenye mgongo wa matatizo. Kila kipande cha saruji kilitoka na kipande cha jiwe mdomoni, kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa. Mifuko iliyoingia kwa siku moja na nusu ilitoka kwa siku kumi na moja. Na chini ya dirisha, mahali penye upana wa mlango, mawe yalikuwa yameoza yote. Pale hapakuwa na cha kuzibwa. Pale tulibomoa tukajenga upya. Ule ukuta wa kwenye methali, ndio huo.

Nikasema sawa, kesho nakwenda Darajani naleta chokaa. Mzee akacheka mpaka akashika mkongojo. Chokaa ya haraka haraka ndiyo hiyo hiyo saruji ya wavivu, akasema. Akanipeleka shamba, kwa watu wanaochoma bado. Magogo yamepangwa duara, mawe juu yake, moto unalishwa, na jiwe likiiva likapoa unaliinua kwa mkono mmoja, kwa sababu zaidi ya theluthi ya uzito wake imekwenda hewani. Tukaleta nyumbani, tukatia ndani ya pipa la maji uani. Pipa likachemka. Hakuna moto, hakuna jiko, pipa linatokota na kutoa moshi kama biriani la harusi. Mke wangu akatoka na jagi akidhani nyumba inaungua.

"Sasa mwache alale," mzee akasema.

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu."

Ikabidi nimeze. Kumbe chokaa ikikaa chini ya maji haigandi, maana inayoigandisha ni hewa: inairudishia kile moto ulichoichukulia, inarudi kuwa jiwe polepole. Na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, mpaka ikawa kama siagi. Pipa likakaa uani kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Tulianika nguo kulizunguka. Na kila jioni Shangazi aliteremka na kijaluba chake, akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akapaka kwenye tambuu yake, akasifu. Kwa hesabu yangu, robo mita ya ukuta wa sebule imo mdomoni mwa Shangazi.

Mchanga nao nilitaka kuokoa pesa, nikachota wa ufukweni, ndoo sita, bure. Mzee akatia chembe mbili ulimini, akatema. "Umetoa chumvi kwa mlango, unairudisha kwa dirisha?" Ukanunuliwa wa shimoni, ukachekechwa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mianya tukaichimba ndani mara mbili ya upana wake, tukaitoa vumbi kwa brashi, kisha tukaimwagia maji. Hapo ndipo nilipoyajua matumbawe. Unamwaga, halionekani tone. Unamwaga tena. Jiwe linakunywa kama mtu aliyefunga akasikia adhana ya magharibi. Na usipolinywesha litakunywa maji ya chokaa yako, chokaa itabaki vumbi. Ndipo unasukuma chokaa ndani kwa ule mwiko mwembamba, unasukuma tena, penye mwanya mpana unashindilia vijiwe. Mzee akasikiliza mlio wa mwiko, nikikosea anagonga mkongojo chini. Mikono yangu sasa imepasuka kama mgongo wa kasa. Kwa tambuu chokaa ni nzuri. Kwa vidole vaa glavu, nami glavu niliambiwa siku ya tisa.

Ulipokwisha, ukafunikwa magunia mabichi. Ulikuwa msimu wa kaskazi, jua kali, na chokaa ikikaushwa kwa haraka inapasuka. Hivyo kila asubuhi na kila alasiri, kwa wiki mbili, nimesimama kichochoroni na ndoo na kata, naumwagilia ukuta kama mchicha. Mrithi wa nane akaja na kamera. Akayapiga picha magunia. Nikamsikia kijana anayewatembeza akiwaeleza kuwa ni mapazia ya asili ya Waswahili. Nikamwacha, sina nguvu.

Usiku wa siku ya kumi na nne nikakaa, nikaandika hesabu yote kwenye kundi la ukoo: tindo, magogo, mchanga ulionunuliwa, mchanga uliotupwa, magunia, mzee, mjukuu wa mzee. Nikagawanya kwa saba, nikatuma. Pakawa kimya. Wawili wa Dar es Salaam wamesoma, wamenyamaza. Baada ya saa nzima kaka wa Muscat akaonekana anaandika, akaacha, akaandika tena. Ujumbe ukaingia.

"Si ndiyo maana wahenga wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nikajitoa kundini. Shangazi, ambaye ndiye msimamizi, alikuwa amesharudisha jina langu kabla sijaweka simu chini. Kisha nikamsikia dirishani kwake, juu kabisa, ananiita kwa jina langu la utotoni.

"Hebu panda huku. Na uje na ufunguo."

"Ufunguo wa nini, Shangazi?"

"Nataka tuupime huu."