Sifa za Nguzo Yenye Kelele

Nje ya dirisha langu, hatua kumi hivi kutoka kitandani, imesimama nguzo ya chuma yenye vipaza sauti vinne, kila kimoja na upande wake. Saa kumi na mbili asubuhi inapiga muziki. Saa sita mchana inapiga tena. Saa kumi na moja jioni, mara ya tatu. Katikati ya hapo inatangaza siku ya kupima afya, onyo la moto, dubu aliyeonekana nyuma ya shule, mzee aliyepotea. Haina kitufe cha kuzimia wala haijui Jumapili. Nimeishi nayo miaka miwili katika mji huu mdogo wa pwani, mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani, ninakofundisha Kiingereza. Leo naisifu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye adhana ya alfajiri na gari la matangazo linalopita na habari za msiba na mikutano, kwa hiyo kuamshwa na sauti ya watu wote si jambo geni kwangu. Tofauti ni kwamba sauti za Tanga nilizielewa. Hii ya hapa, wenyeji wanaiita bosai musen, yaani redio ya kujikinga na maafa, na kwa miezi mitatu ya kwanza ilinikatiza usingizi na vipindi vyangu bila kuniachia hata neno moja la kushika.

Naisifu kwanza kwa ualimu wake. Mtangazaji husema maneno mawili matatu, akanyamaza, akaendelea. Analazimika, kwa sababu mji mzima una nguzo, na sauti ya nguzo moja ikikutana na ya nyingine kwenye vilima hurudi ikiwa imechanganyikana. Kwenye ule ukimya ndipo nilipoanza kuyatenga maneno. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Wanafunzi wangu wakisema “hoteru” na “basu”, nami nasikia hoteli na basi za nyumbani. Nilipoona jinsi sikio langu linavyohitaji ukimya ili lishike lugha ya watu, nikaanza kuwapa wanafunzi wangu ukimya uleule. Zamani niliwauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla hawajavuta pumzi. Sasa nauliza, nangoja.

Naisifu pili kwa kuwa haibagui. Wiki moja nilikuwa nikifundisha nguo na rangi: amevaa nini, ni ya rangi gani. Jumamosi yake nguzo ikatangaza kwamba bibi wa miaka 82 hajulikani alipo. Amevaa sweta ya kijivu, suruali nyeusi, viatu vyeupe. Nilisimama jikoni na sufuria mkononi. Nilikuwa nimeelewa tangazo zima, na lilikuwa somo langu mwenyewe limenirudia kwa Kijapani. Nilipokwenda dukani nikamkuta bibi huyo kwenye kituo cha basi, amekaa wima, mikono mapajani, anaangalia bahari. Nikamsalimia, nikakaa kando yake. Mwenye duka akapiga simu. Kabla ya saa moja kupita nguzo ikatangaza kwamba bibi amepatikana salama, na kwamba wakazi wote wanashukuriwa kwa ushirikiano wao. Katika hao wakazi nilikuwamo. Hakuna karatasi ya uhamiaji iliyowahi kuniambia hivyo.

Muziki wa jioni nao nausifu. Hapa kwetu ni “Yuyake Koyake”, wimbo wa watoto wa mwaka 1923, na katika miji mingi ya Japani jua huchwa kwa wimbo huohuo. Watoto wakiusikia huokota mipira, wakaelekea nyumbani. Kazi yake nyingine haionekani: ni kipimo cha mitambo. Ukilia, ni mizima. Usipolia, fundi anatumwa kabla ya siku ya kuhitajika.

Siku hiyo ilikuja tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.0. Katika mji wa Minamisanriku, mkoa wetu huuhuu, Miki Endo, mtumishi wa mji mwenye miaka 24, alishika kipaza sauti akawahimiza watu wakimbilie mahali pa juu. Alirudia na kurudia huku bahari ikija. Maji yalilipita paa jengo alimokuwa, naye akafa. Vyuma vya jengo hilo vimesimama hadi leo. Katika maafa hayohayo walikufa walimu wawili kutoka Marekani, Taylor Anderson wa Ishinomaki na Monty Dickson wa Rikuzentakata. Kazi yao ilikuwa hii yangu. Ninapoandika ubaoni huwakumbuka, na sauti ya nguzo ikiingia dirishani naweka chaki chini, darasa zima linanyamaza, tunasikiliza mpaka mwisho. Sihesabu tena kwamba kipindi kimekatizwa.

Ndani ya nyumba nyingi hapa kuna pia kisanduku cheupe kinachopokea matangazo yaleyale. Changu kiko ukutani, juu ya rafu ya viatu. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba, mwanamke wa makamo mwenye huruma, alipita kukusanya kodi akaona macho yangu mekundu. Akanyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti, akaniuliza kama anipunguzie. Nikamwomba akiache kama kilivyo. Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudisha mkono. Hakuniuliza sababu. Mwaka ule alikuwa hapahapa.