Kidude cha Shemeji

Dar es Salaam mtu akikuambia taa ya injini ya gari lake inawaka, humpi pole. Unamuuliza tu, tangu lini? Magari yetu mengi yalizeekea Japani kabla ya kupanda meli. Kila asubuhi yanatusemesha Kijapani yakidai kadi ya kulipia barabara za kule, kadi ambayo hatuna na hatutakuwa nayo. Ile taa ya njano yenye umbo la injini imo kwenye orodha ya mambo ambayo mwenye gari ameamua kuishi nayo, pamoja na kioo cha mlango wa nyuma kisichoshuka.

Wauzaji wajanja wanalijua hilo. Ukienda kununua gari, washa swichi bila kupiga stati. Taa za dashibodi sharti zijitokeze, kisha injini ikiunguruma zizime. Taa ya injini isipoonekana kabisa hapo, usimshukuru Mungu haraka. Kuna mtu kaitoa au kaiziba.

Ya kwangu ilikuwa inawaka kihalali. Tatizo lilikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu asiyeweza kuona taa inawaka akanyamaza. Jumamosi moja alitua nyumbani Tabata akitokea Kariakoo, mfukoni ana kidude cha bluu kinachoenea kiganjani. Kimeandikwa ELM327. Jina hilo kwa asili ni la chipu ya kampuni moja ya Kanada, ila hicho cha shemeji Kanada kinaisikia redioni tu. Unakichomeka kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth.

"Shem, mafundi wametula vya kutosha," alisema, magoti kwenye vumbi, kichwa chini ya dashibodi. "Leo gari litasema lenyewe."

Likasema. P0171.

Shemeji akasoma maelezo kwenye simu akitikisa kichwa kama daktari bingwa, halafu akatoa hukumu: sensa ya oksijeni imekufa. Ushahidi wake ni kwamba neno oksijeni lilitajwa humo. Lakini P0171 haimtaji marehemu. Inasema kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika kikomo, na bado hewa inaonekana kuzidi. Pengine kuna mpira wa hewa umepasuka, pengine sensa inayopima hewa imechafuka, pengine pampu ya petroli imechoka. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na mlinzi hafukuzwi kwa kuwa amepiga filimbi.

Sensa ilinusurika kwa sababu shemeji aligundua kitufe kitamu kuliko vyote: kufuta. Akabonyeza, taa ikazima. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kumpongeza kaka yake, soda ikaletwa, na jirani wa mkono wa kulia akaomba na lake lipimwe. Mimi nilipouliza kilichokuwa kinalalamika kimetibiwa saa ngapi, niliambiwa nina wivu. Kidude hakikuchomolewa. Kilibaki palepale "kiendelee kulinda".

Sasa, tundu namba 16 la soketi ile lina umeme wa betri muda wote, ufunguo uwe kwenye gari au uwe sebuleni juu ya televisheni. Kidude kikiachwa hapo kinakunywa taratibu, usiku na mchana. Betri yenye afya hustahimili. Betri yangu ilikuwa mstaafu.

Jumatatu asubuhi nikazungusha ufunguo: tak-tak-tak. Zikaazimwa waya za kubusti, injini ikaitika, na dashibodi ikalipuka kwa rangi. Taa ya ABS. Taa ya usukani. Taa ya kagari kanakoteleza. Taa ya hendibreki, ambayo nilikuwa nimeishusha. Taa pekee ambayo haikuwaka ni ile ya injini.

Ushauri ulifika kabla ya fundi. Aliyetuazima waya akasema ni fyuzi. Kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama akasema gari limeingia maji, na alipokumbushwa kwamba mvua haijanyesha, akasema maji ni maji. Bibi mmoja aliyekuwa akielekea sokoni alichungulia dirishani, akaona taa zile, akauliza kwa upole kama hapa nyumbani kuna mtu tumegombana naye.

Shemeji akaja mbio na simu yake. Akawasha, kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kwamba hakuna hitilafu yoyote. Tukatazama simu, tukatazama dashibodi inayometameta, tukatazamana.

Kidude hakikudanganya. Gari lina kompyuta kadhaa, na soketi ile ilisambaa kwa ajili ya kubana moshi: Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Vidude vya bei rahisi kwa kawaida vinasoma mambo ya injini na moshi tu. Breki za ABS na usukani wa umeme vina kompyuta zake, na nyingi zinataka mashine kubwa ndipo zifungue kinywa.

Fundi wetu ni mzee mwenye ovaroli isiyokumbuka rangi yake. Hakugusa simu. Alitoa mita ya umeme, akazima gari, akapima betri: volti 11 na kitu. Betri nzima iliyotulia husoma kama 12.6, na injini ikiunguruma hupanda kukaribia 14. "Kompyuta ukizinyima umeme zinaandamana zote kwa pamoja," akasema. Ikafungwa betri nyingine. Akazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, akaliendesha gari moja kwa moja barabarani, na taa zikaanza kuaga moja moja. Gari nyingi betri ikifa husahau usukani ulipo katikati, zikikumbushwa hivyo zinatulia.

Ya injini ilirudi yenyewe baadaye kidogo, kama nilivyotarajia. Fundi akafungua boneti, akaushika mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi la ea klina. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Alipoukunja, kwenye mkunjo wa chini kukafunguka ufa wa urefu wa ukucha. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi hapo, hewa ambayo sensa haikuipima. Mpira wa mtumba ukapatikana Gerezani kwa bei ndogo kuliko ya kidude.

Shemeji hakukubali kirahisi. "Mzee, mbona hukupima na mashine?"

"Si ulishapima wewe, mdogo wangu? Hebu niambie, taa ilipowaka gari lilikuwa mwendo gani? Injini ilikuwa ya moto au ya baridi?"

Kumbe kompyuta ilikuwa imeyahifadhi hayo yote. Shemeji alikuwa ameyafuta kwa kidole kimoja akisubiri soda.

Mzee hakumsimanga. Alimwambia tu taa nyekundu, ya oili au ya joto, simama hapohapo. Ya njano, nenda nayo taratibu mpaka gereji. Ila ya injini ikianza kupepesa, punguza mwendo utafute pa kusimama, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya kwenye ekzosi, na bei ya hayo si ya kuulizia ukiwa umesimama.

Sina ugomvi na kidude. Kinasaidia, na hata fundi sasa hukiazima. Lakini kama nawe una shemeji wa aina hii, mwombe mambo mawili: apige picha ya namba na maelezo yake kabla hajafuta chochote, na akimaliza akichomoe.