Vitunguu vya Pilau

Jana saa moja usiku nilisimama juu ya theluji, kikoi kiunoni, kandambili miguuni, mwiko mkononi, nikitazamwa na wapangaji wenzangu wote. Jirani mmoja alikuwa ametoka na sungura wake kamfunga kwenye taulo. Sungura naye alinitazama.

Kosa langu ni vitunguu. Pilau ambayo vitunguu vyake havikukaangwa mpaka vikageuka kahawia ni wali uliopakwa rangi, na hilo sibishani na mtu. Sasa, hapa Iowa City ikifika Januari, dirisha huzibwa kwa nailoni inayokazwa na mashine ya kukaushia nywele, baridi isipenye. Moshi nao haupati pa kutokea. King'ora cha moshi, kile kisahani cheupe cha darini, kikaanza kupiga mayowe. Nikapanda kiti, nikakipepea kwa taulo, wapi! Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa Tanga angelifanya: nikafungua mlango.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Usiku nilikaa mpaka saa nane nikisoma habari za kisahani kile, na nakiri kimeniteka. Aina niliyonayo ina chembe ya amerisiamu, kitu cha mionzi kilichogunduliwa Chicago mwaka 1944, saa chache tu kwa gari kutoka hapa. Ni chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, na itachukua miaka 432 kupungua nusu. Mionzi yake hupiga hewa iliyo kati ya vibati viwili, hewa ikapata chaji, umeme kidogo ukapita kimya kimya. Moshi ukiingia unazinasa zile chaji, umeme unafifia, mayowe yanaanza. Yaani hakinusi kitu! Hakijui moto wala vitunguu. Kinachojua ni kwamba umeme umepungua, kikalalamika, kama mtaa mzima siku ya mgao.

Sasa turudi mlangoni: kisahani cha ndani ni changu peke yangu. Cha kwenye korido kimeunganishwa na jengo zima. Ningejifungia nikakohoa, angejua Mungu na mimi. Kwa kufungua mlango niliwaalika watu wa ghorofa tatu na gari la zimamoto.

Askari wa zimamoto akapanda, akafunua sufuria, akavuta harufu, akauliza hiki ni nini. "Pilau." Nikamtajia herufi moja moja, akaandika kwenye fomu.

 

Leo asubuhi nimekuta barua chini ya mlango: faini dola 150, itakatwa kwenye amana. Amana yenyewe ni kodi ya miezi miwili, upeo unaoruhusiwa na sheria ya Iowa, kwa sababu sina historia ya mikopo Marekani. Nimefika umri huu sidaiwi senti na mtu, nikidhani ni sifa. Kumbe ni dosari. Mwenye sungura anadaiwa mkopo wa masomo, mkopo wa gari na kadi tatu, naye aliweka amana ya mwezi mmoja.

Tena kodi ninayolipa ya miezi 12 hainilazi mwaka mzima. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Julai saa sita mchana, na chumba ninachohamia nakabidhiwa tarehe 1 Agosti saa sita mchana, kwa sababu wanapaka rangi. Usiku wa katikati nitaulala kwenye gari, godoro juu ya paa, wakati mwenye nyumba ana kodi yangu ya Julai mfukoni na ya Agosti mkononi. Hilo silicheki.

Mwenye sebule hapa mjini usiku huo anikumbuke. Pilau nitapika mimi, ila jikoni kwake.