Kifyonza vumbi kimegoma kula chaji

Hongereni nyote mliotumiwa na watoto wenu walioko Dar es Salaam vile vifyonza vumbi vya mkononi, visivyo na waya. Ndaga fijo, yaani asanteni sana. Hapa kwetu Ngana mvua ikishika kasi tope hukusubiri mlangoni kama mdai, na vumbi lenyewe huja kwa msimu. Lakini sebule ni sebule, na jirani lazima aone.

Sasa chako kimegoma kula chaji. Kabla hujamkimbilia fundi simu, ambaye atakifungua kwa kisu na kukurudishia pamoja na skrubu mbili zilizobaki, hakikisha LUKU ina uniti. Usicheke. Kisha geuza mashine utazame vile vibati vidogo vinavyogusana na chaja: pumba za mpunga na jasho la mikono vimeganda pale. Futa kwa kitambaa kikavu, si kwa mate. Soma na maandishi ya chaja. Ile ya redio ya babu, hata kama pini inaingia, volti zake huenda ni nyingine kabisa. Betri ya lithiamu nayo haipendi joto. Ikipita nyuzi 45 mashine nyingi hukataa chaji mpaka ipoe, kwa hiyo usiichaji karibu na jiko.

Wale waliokifungia kabatini tangu Krismasi kikiwa hakina chaji, ili kisichakae, betri wameiua wenyewe. Wanunue nyingine, na hadi ifike wampe pole mama mwenye fagio la chelewa, maana kazi yote bado ni yake.