Yah: Maombi ya Chaki Isiyo na Rangi

Kwa Mheshimiwa Mshika Ufunguo wa Maabara,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya PCB, hatujambo, na tunaendelea kuichungulia maabara dirishani. Juzi tumehesabu bureti 12, zote bado ziko kwenye nailoni zake. Hongera kwa utunzaji.

Titresheni tunafanyia ubaoni. Mwalimu wetu, Mungu ampe umri, huchora bureti kwa rula, akaijaza asidi kwa maneno, akaweka besi kwenye flaski pamoja na kiashiria cha POP. Pinki tunaiona, maana chaki ya pinki ipo. Likidondoka tone la mwisho, pinki inatakiwa itoweke, mchanganyiko ubaki hauna rangi. Hapo ndipo tunapokwama. Mwalimu hufuta pinki, hushika chaki nyeupe, na nusu ya darasa huandika "nyeupe". Kwenye mtihani hilo ni kosa: maziwa ni meupe, maji hayana rangi.

Kwa unyenyekevu tunaomba katoni moja ya chaki isiyo na rangi. Iwe laini, isiyokwaruza ubao wala kuchafua mikono. Manunuzi hayatakusumbua. Mzabuni ataleta boksi tupu, mtunza stoo atasaini kwamba amepokea, na mkaguzi akifungua asione kitu atajua zimo zote. Ikiibiwa, hakuna atakayegundua. Ikiisha, utaagiza nyingine kwa bei ileile. Uzoefu wa kazi hiyo tunaamini upo, kwa kuwa habari za risiti ya asidi tumezisikia, asidi yenyewe hatujawahi kuinusa.

Mengine ni madogo. Mwalimu aruhusiwe kuja na yai viza, tuijue harufu ya haidrojeni salfaidi. Amonia usihangaike nayo, vyoo vya bweni vimeshatufundisha. Pete ya kahawia ya naitreti tutaitafuta kwenye chai ya asubuhi, siku ikiwa na majani.

Mlango wako, mheshimiwa, hufunguliwa mara mbili: akija mgeni, na ikifika praktiko ya mtihani wa taifa. Dada yangu aliishika bureti kwa mara ya kwanza siku hiyo ya mtihani. Bureti ya ubaoni haikuwa na namba, kwa hiyo hakujua kwamba sifuri iko juu. Akasoma kutoka chini kwenda juu: 23.40 akaiandika 24.60, mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Alitaka kuwa mfamasia. Leo anauza vocha stendi. Baba aliuza mbuzi kulipa mchango wa maabara. Mbuzi wetu ndiye aliyemo humo ndani, amefungwa nailoni, na wewe unatembea na ufunguo kiunoni kama hirizi. Uhaba tungeuelewa, tumekulia humo. Hii ni roho mbaya.

Utuwie radhi, kalamu imeteleza. Ombi letu linabaki lilelile, la chaki. Ikionekana ni gharama kubwa, tupo tayari kupokea kitu cha bei nafuu zaidi, ambacho tayari unacho: fungua mlango.

Praktiko ni baada ya wiki tatu. Bureti bado ni 12.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa Dirishani