Mama Mkwe na Mizabibu ya Dodoma

Nyumbani kwetu safari haina mwenyewe. Anayelipa nauli ana neno lake, anayebaki na watoto ana neno lake, na mama mkwe, hata asipoulizwa, ndiye anayefunga mjadala. Kwa hiyo mume wangu aliposema, vyombo vya chakula cha usiku vikiwa bado mezani, kwamba kumbukumbu ya ndoa yetu mara hii tutaifanyia Dodoma, tukionja mvinyo kwenye mashamba yake, nilijua kikao cha ukoo kimefunguliwa.

Mimi nilifurahi sana. Mvinyo wa Dodoma naupenda toka zamani, na inaniuma jinsi tunavyouchukulia hapa Dar es Salaam. Mtu ananunua chupa, anaitia barafu na soda, anasema ni tamu au ni kali, basi. Hajui kwamba zabibu zile zimetoka kwenye nchi kame, yenye mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwamba mizabibu yake inavunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya baridi ikiingia mzabibu unapukutisha majani na kulala hadi majira yabadilike. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akishapogoa, mti unachipua upya, unachanua, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Mavuno ya kwanza yanaangukia Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Nilitaka kuyaona hayo kwa macho yangu, na nikasema twende mwishoni mwa Agosti.

Tarehe ilikubaliwa upesi. Malazi ndiyo yaliyotugombanisha.

Mume wangu alikuwa ameshaona hoteli kwenye simu. Ilikuwa na bwawa la kuogelea, na juu ya kitanda taulo mbili zimekunjwa zikawa bata wanaotazamana. Akaizungusha simu mezani, kila mtu aone wale bata.

"Hoteli iko upande gani?" nikamuuliza.

"Dodoma."

"Dodoma upande gani, baba watoto?"

Swali langu lilikuwa na sababu. Mashamba ya zabibu ya Dodoma hayapo mahali pamoja. Hombolo, penye bwawa na kiwanda cha mvinyo cha Cetawico, ni kilomita 40 hivi kutoka mjini, kaskazini-mashariki. Makutupora, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, ni barabara ya Arusha. Mpunguzi ni barabara ya Iringa. Chinangali, kwenye mashamba ya umwagiliaji wa matone, ni upande wa Chamwino, barabara ya Morogoro. Anayelala upande mmoja na kuonja upande mwingine siku yake inaishia garini, na anayeonja hapaswi kushika usukani. Nilichotaka mimi ni tuchague kwanza mashamba, tupate dereva, ndipo tutafute chumba kinachofuata njia hiyo. Hadi leo ndivyo ninavyoamini safari ya namna hii inavyopangwa.

Wifi yangu akadakia. Yeye alitaka twende mapema Agosti, tupite na kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Mume wangu akamwambia siku hizo hata benchi la stendi halipatikani.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo kama asiyesikia, akainua uso. Mama ni mzee wa umoja wa wanawake kanisani, na pombe ya aina yoyote haijawahi kupita mdomoni mwake.

"Kwa hiyo mnakwenda kunywea mbali ili tusiwaone?"

"Hapana, mama. Tunakwenda kuonja. Ni kujifunza."

"Basi na mimi nitakuja nijifunze." Akarudi kwenye mchele wake. "Na tutalala hosteli ya masista. Pasafi, pana amani, na geti linafungwa saa nne usiku."

Mume wangu akashika kichwa. "Mama! Kumbukumbu ya ndoa, tukalale kwa masista?"

"Kwani ndoa yenu ilifungiwa wapi? Si kanisani?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini mwana naye ana ukaidi wake, akashinda kwa hoja ya bwawa la kuogelea, na wifi akamuunga mkono. Tukatuma nusu ya malipo kwa simu, vyumba viwili: kimoja cha mama na wifi, kimoja chetu. Niliomba risiti, nikajibiwa kwa ujumbe wa maneno mawili: "Karibuni sana." Siku moja kabla ya kuondoka nikapiga tena, sauti nyororo ikaniambia nisiwe na wasiwasi.

Tuliondoka Dar kwa treni ya SGR, na treni ile haikutupa la kulalamikia hata moja. Tangu ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi inamalizika kwa saa tatu na nusu hivi. Mama mkwe alikaa dirishani toka Stesheni ya Magufuli, akihesabu mahandaki na kuwasimulia abiria wa jirani kwamba anakwenda kukagua zabibu.

Tulipofika Dodoma, mapokezi ya hoteli yalikuwa yamejaa watu wenye vitambulisho shingoni na mafaili kwapani. Moyo ukanipiga. Mwishoni mwa Agosti na Septemba Bunge nalo huwa na mkutano wake, na Bunge likikaa Dodoma, wanakuja wabunge, maofisa wa wizara, waandishi, madereva na wapambe, wote wanataka kulala. Binti wa mapokezi alitafuta majina yetu kwa muda mrefu, akaita mwenzake, wakanong'ona. Mwisho akasema kimebaki chumba kimoja. Kile kingine kimepewa "wageni wa dharura".

"Tumelipia vyumba viwili," mume wangu akasema.

"Naelewa, kaka. Tunaweza kuwaongezea godoro chini."

Kimya kilichofuata nakikumbuka vizuri. Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu, mama yake mzazi na dada yake. Msichana yule, na simlaumu kwa umri wake, hakujua kwamba alichokitamka hakitamkiki. Mama alale chumba kimoja na mwanawe na mkewe? Mama mkwe hakugomba. Alijifunga kanga vizuri, akainua mkoba wake, akasema, "Jamani, twendeni nje tupate hewa."

Nje jua lilikuwa limeshainama. Wifi alipiga simu hoteli baada ya hoteli, gesti baada ya gesti, jibu likawa lilelile. Mume wangu alikuwa ndani akidai fedha, anaambiwa meneja hayupo. (Zilirudi baadaye, nusunusu, baada ya simu nyingi ambazo hakuna mteja anayestahili kuzipiga.) Bajaji mbili zilitusubiri, mita ya subira ikizidi kwenda. Ndipo mama mkwe akafungua mkoba na kutoa kidaftari cha namba, kile tunachomwambia kila siku akitupe kwa sababu namba zote ziko kwenye simu. Akapiga. Akasalimia kwa kirefu, akauliza hali ya mguu wa mtu, akauliza hali ya mvua. Mwishoni kabisa akataja shida. Akafunga simu.

"Vyumba vipo. Tuwahi geti."

Chumba chetu kwa masista kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, vyandarua viwili, msalaba ukutani na ndoo ya maji yenye mfuniko. Mume wangu alikaa kwenye kitanda chake, mimi kwenye changu, tukatakiana heri ya kumbukumbu ya ndoa kutoka ng'ambo ya chumba. Tulilala usingizi mzito. Asubuhi tukapewa uji wa ulezi, mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, na bei yake haikufika nusu ya ile ya hoteli ya bata.

Jambo lililonishangaza, na ninaloliandika ili msomaji alishike, ni kwamba masista ndio waliotufungulia milango ya mashamba. Nilipaswa kulitarajia. Mizabibu ilifika Dodoma mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, na misa haiadhimishwi bila divai. Sista mmoja aliposikia tumefuata nini, alituuliza maswali machache, akamwita dereva anayezijua njia za mashambani, akampigia mkulima wa Mpunguzi, na akatuambia kiwandani tupige simu kabla, maana si kila siku wanapokea wageni wa kuonja. Mume wangu alisikiliza huku akitazama uji wake.

Kiwandani mama mkwe aliingia wa kwanza. Mwenyeji alitupanga mezani kwa utaratibu: nyeupe kwanza, ya Chenin Blanc, ikiwa baridi, halafu nyekundu, za zabibu aina ya Makutupora na Syrah, tamu mwisho, kwa sababu ukianza na tamu ulimi haupokei tena kitu kingine. Katikati ya meza akaweka mkate na ndoo ndogo ya kutemea.

"Hii ya nini?" mama akauliza.

"Ya kutemea, bibi. Mtu akishaonja, anatema."

"Mgeni anakaribishwa kinywaji, anakitema mbele ya mwenyeji?"

Mwenyeji akamweleza kwa heshima kwamba ukimeza kila glasi, kufika ya nne huonji tena, unakunywa tu. Mama akatafakari, akaridhika, na kuanzia hapo akawa msimamizi wa ndoo. Mimi nilitema. Wifi alitema. Mume wangu alisema hawezi kumwaga kitu alichokilipia, na mama akamtazama kila glasi hadi ya mwisho bila kutia neno. Tulipofika Mpunguzi mchana, jua likiwa utosini, mume wangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, na shamba tulilizunguka bila yeye.

Kwa hiyo hakuona nilichokiona. Mkulima, aliyetupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", alikata kichala akamwekea mama kwenye viganja. Zabibu za aina ya Makutupora ni ndogo, nyeusi kuelekea zambarau, na juu ya ganda kuna ukungu mweupe kama poda. Ukipitisha kidole unatoka na ganda linang'aa. Akamwambia aitafune mbegu moja: ikiwa bado kijani na kali, ngoja, ikiwa kahawia na inakatika, vuna. Halafu akaminya tone la juisi kwenye kioo cha kipimo cha sukari, akamshikisha kile kibomba kidogo, akamwelekeza kwenye mwanga. Mama alifumba jicho moja.

"Mstari umefika ishirini," akasema.

"Basi bibi umeshakuwa mtaalamu."

Mama hakucheka. Aliuliza juu ya bei, juu ya ndege na vijana wanaowaamia, juu ya maji. Akauliza zabibu zikiiva na mnunuzi asipofika, inakuwaje. Mkulima akanyamaza kidogo. Zabibu haingoji, akasema; ikishakatwa, kwenye joto hili, inatakiwa ikamuliwe upesi. Kiwanda kikijaa au kikichelewa kununua, jasho la miezi minne linaozea kwenye kreti. Kinachowaokoa ni mitambo ya kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu karibu na mashamba, na watu wa kununua mvinyo uliotoka humo. Mama mkwe, ambaye hanywi na hatakunywa, alinunua chupa kadhaa kwa ajili ya wakwe wa wifi, na njiani akamwamsha mwanawe ili azibebe.

Tulifika getini kabla ya saa nne.

Wewe unayepanga kwenda, mavuno ya kwanza ya mwaka ni Februari na Machi. Huo ni wakati wa mvua, njia za mashambani zina tope, na Bunge nalo huwa na mkutano kati ya mwisho wa Januari na Februari. Angalia ratiba yake kabla ya kuchagua tarehe, mwulize mwenye chumba yuko barabara gani, dai risiti yenye namba ya chumba, na mtafute dereva asiyeonja. Ukifika, nunua chupa hukohuko kwa waliozitengeneza. Mkulima wa Mpunguzi anakungoja kuliko hoteli yoyote ya mjini.