Barabara Ipite, ila kwa Jirani

Kila mtu Mwika anataka barabara, na kila mtu anajua itapita kihamba cha nani. Cha jirani.

Nasema sisi tunaokaa ndani, huko migombani. Ile lami inayotoka Himo ikapita Marangu na Mwika kuelekea Rombo, hatuna ugomvi nayo. Taabu huanza ukishashuka kwenye Noah. Masika yakikolea, bodaboda anakuomba ushuke usukume, na ukishasukuma anadai nauli yote. Chanzo hakijifichi: maji ya mlimani yanataka mtaro, mtaro tumeupanda magimbi, basi maji yameamua kushuka na barabara.

Ukaitishwa mkutano. Hoja ilikuwa nyepesi: greda haliwezi kupita njia ya mbuzi, kwa hiyo kila mwenye kihamba pembeni atoe hatua mbili. Meku mmoja, yaani mzee, akasimama, akasema yeye hadaiwi. Tangu 2021 kila lita ya mafuta inakatwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mwanawe ana gari Dar. Akaulizwa hilo gari limefika lini nyumbani kwake. Akajibu kuwa Desemba lilifika hadi kwa mchungaji, likalala huko.

Wana wetu wa Dar nao walituma salamu kwa simu: wanataka lami kabla ya Krismasi, magari yao yasikwanguke tumbo. Mama mmoja akauliza kama salamu hizo zimekuja na chochote. Tukaendelea na ajenda.

Anayedhani kihamba ni shamba tu, hajakaa Uchagani. Babu amezikwa humo, kahawa aliipanda mwenyewe, na kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi ng'ombe akigeuka zizini, mkia unaingia kwa shemeji. Hatua mbili hapo si mchezo.

Mimi nikapewa ukatibu kwa kosa la kuwa na kalamu. Tukaanza kupima kwa shangazi yangu.

"Pima, mwanangu, pima. Ila huo mgomba wa mshare hauhami."

"Shangazi, ni hatua mbili tu."

"Hatua za nani? Zako, au za huyo twiga uliyekuja naye?"

Swali likarudi mkutanoni, likala saa nzima. Tepu ilikataliwa, kwa kuwa hoja ilisema hatua. Mwishowe akateuliwa mzee mfupi kuliko wote, na toka hapo akawa mtu wa kuogopwa. Kila boma alilofika alikaribishwa kata ya mbege kwanza, ndipo apige hatua. Maboma ya mwanzo yalipimwa vizuri. Kwa yaliyofuata, vigingi vilianza kupinda, na kwa mwalimu mstaafu barabara ilipita jikoni.

Asubuhi yake vigingi vingi havikuwepo. Mahali pake yalikuwa yamechomekwa masale. Hapo hata mwenyekiti alinyamaza. Kwetu sale ni mpaka, na ni hilohilo unalopelekewa ukiombwa msamaha. Ukiling'oa umemkosea mtu, na sale la kumwomba radhi utalikata kwake.

Muhtasari nimeuandika hivi: wote wameafiki, kwa kauli moja, barabara ipanuliwe, kazi ianzie juu. Wa juu wamekutana Jumapili baada ya ibada. Nasikia nao wameafiki, kwa kauli moja, ianzie chini.